Goti la Bibi Harusi

Gauni lilikuwa limebakia upindo tu. Wavinya alikuwa amelileta kutoka Ruiru, ambako anashona katika chumba kimoja nyuma ya soko. Alikuwa amelikunja ndani ya shuka safi ili vumbi lisiliguse, na sasa mama yake, Mukonyo, alikuwa amesimama katikati ya sebule yao mtaani Landless, mjini Thika, ameshikilia fremu ya kutembelea kwa mikono miwili, gauni jeupe likimshuka mpaka miguuni.

"Geuka kidogo, mwaitu," Wavinya alimwambia, maana ndivyo Mkamba anavyomwita mama yake.

"Nikigeuka zaidi ya hapa nitaanguka, harusi igeuke matanga."

Wanawake wa jumuiya yao ya kanisani waliokuwa wamejipanga kwenye makochi walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Walikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa na maoni yake kuhusu mikono ya gauni. Tabby, jirani wa mlango wa pili, mwuza maziwa, ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote.

"Mama Wavinya, ukiingia kanisani hivyo, padre mwenyewe atasahau maneno!"

Nje, Kyengo alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amefukuzwa, kwa sababu bwana harusi haruhusiwi kuliona gauni kabla ya siku yenyewe.

"Miaka arobaini na moja nimemwona na leso," alisema kwa sauti ili wasikie ndani, "leo ndio nakatazwa kumwona!"

"Baba Wavinya, vumilia mpaka Jumamosi!" Tabby alimjibu.

Ilikuwa Jumanne. Jumamosi hiyo jozi tano za jumuiya, watu waliozeeka pamoja bila ndoa yao kubarikiwa, zingefungishwa ndoa kwa pamoja. Mukonyo alikuwa amewaahidi watu wote kwamba atatembea kutoka mlangoni mpaka altareni bila fimbo na bila kushikwa mkono. Kwa ajili ya ahadi hiyo alikubali kubadilishiwa goti la kulia katika hospitali moja ya Ruiru. Leo ilikuwa siku ya ishirini na nne tangu apasuliwe.

Wavinya alipiga magoti na pini mdomoni. Alikunja upindo, akachoma pini ya kwanza, akachoma ya pili. Kisha mkono wake ukasimama. Kwenye bitana ya gauni, usawa wa goti, palikuwa na duara la manjano lenye ukubwa wa shilingi ishirini. Aliligusa. Lilikuwa bichi. Alileta kidole karibu na pua, akazitema pini kiganjani.

"Mwaitu, hii ni nini?"

"Ni jasho."

"Jasho la manjano?"

"Kuna joto humu ndani. Si umeona watu walivyojaa?"

Wavinya aliinua gauni kabla mama yake hajapata mkono wa kumzuia. Juu ya goti palikuwa na kitambaa cha leso kilichokunjwa mara nne na kufungwa kwa soksi iliyokatwa. Ngozi iliyokizunguka ilikuwa nyekundu na imevimba, inang'aa kama nyanya. Pale mwisho wa mshono palikuwa na tundu dogo linalotoa maji.

Tabby alitazama birika la chai.

Ni watu wawili tu waliokuwa wakilijua tundu lile. Siku tano zilizopita Mukonyo alimwonyesha Tabby, akamwapisha asimwambie Kyengo wala Wavinya, kwa sababu wangempeleka hospitali na harusi ingepita. Tabby hakuweza kumwona rafiki yake akiumia bila kufanya lolote. Alikwenda kwenye duka la dawa anakofanya kazi mpwa wake, akarudi na vidonge vya rangi mbili, vile ambavyo kila mtu pale mtaani hununua akiwa na kidonda. Mukonyo alikuwa amemeza kumi na viwili, na alikuwa na hakika goti linakauka.

Wavinya alipiga namba iliyoandikwa kwenye kadi ya hospitali, akaweka simu kwenye spika. Nesi aliyejitambulisha kama Wanja alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mlete saa hii," alisema. "Sio kesho. Na asimeze dawa yoyote ya kidonda, tafadhali. Daktari lazima atoe maji ya goti kwanza."

"Hajameza kitu," Mukonyo alisema haraka kutoka pale aliposimama.

Tabby alianza kukusanya vikombe.

*

Walikwenda na gari la shemeji yake Tabby, ile Probox inayobeba maziwa asubuhi. Mukonyo aliketi kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya mapaja ya Tabby, na Tabby alikaa hivyo njia nzima bila kusogea ingawa miguu yake mwenyewe ilikuwa imekufa ganzi. Hakuna aliyezungumzia vidonge, kwa kuwa Kyengo alikuwa mbele.

Pale mapokezi palikuwa na kijana mmoja mwenye adabu aitwaye Jared. Alikuwa akijaza faili kwa kalamu.

"Mtu wa karibu wa mgonjwa ni nani?"

"Ni mimi," alisema Kyengo. "Urbanus Kyengo."

"Uhusiano?"

"Mimi ndio mzee wake."

"Namba ya cheti cha ndoa?"

Kyengo alimtazama. "Tutapata Jumamosi."

"Hii Jumamosi inakuja?" Jared alidhani ni utani, akatabasamu. Alipoona mzee hatabasamu, alishusha kalamu. "Pole, mzee wangu. Hapa kwa mume lazima nijaze namba ya cheti, nisipojaza faili inarudishwa. Nikuandike ndugu?"

"Ndugu yake! Huyu?"

"Basi naandika rafiki. Ni ya karatasi tu, usijali."

Na hivyo ndivyo ilivyoandikwa juu ya jalada la faili, kwa wino wa bluu: *Urbanus Kyengo, rafiki.* Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni walisikia. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliinamisha macho, ili Kyengo asione kwamba ameonwa, na huo ulikuwa wema.

*

Daktari Kagwe alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka mikononi na subira mdomoni. Alinawa, akavaa glavu, akaingiza sindano ndefu pembeni ya goti. Yale yaliyopanda kwenye bomba la sindano yalikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Aliyainua kwenye mwanga wa dirisha, na wote wakayaona.

"Huu ni usaha, mama. Vijidudu vimeingia kwenye goti. Kabla sijayapeleka maabara nina swali moja, na ni kubwa. Umetumia dawa yoyote ya kuua vijidudu tangu kidonda kianze kutoa maji? Hata kidonge kimoja?"

Tabby alikuwa amesimama mlangoni, mkoba umebanwa kifuani. Mukonyo alimwona. Aliona jinsi alivyokodoa macho. Alimkumbuka akimchotea maji kwa miaka minne, ndoo mbili kila asubuhi kabla ya kwenda na maziwa. Akamkumbuka na mpwa wake, kijana aliyepata kazi ile juzijuzi tu baada ya kukaa sana nyumbani.

"Hapana, daktari."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Daktari aliandika. Kisha akavuta kiti, akakaa ili macho yao yawe sawa.

"Sasa nisikilize. Vijidudu vikikaa kwenye chuma cha goti la bandia hujitengenezea utando, kama ule ute wa ndani ya mtungi usiooshwa. Leo ute wako bado ni laini. Nikifungua kesho asubuhi, nitausugua, nitaliosha goti kwa maji mengi, nitabadilisha ile plastiki ya katikati, na chuma chako kitabaki. Ukikomaa, dawa haziupenyi tena. Hapo nitalazimika kutoa goti lote."

"Na likitoka?"

"Utakaa miezi bila goti ukingoja lingine. Na wengine hawafiki hilo lingine."

"Daktari, nipe siku nne. Jumapili asubuhi nitakuwa hapa mlangoni kabla hujafika. Jumamosi nina harusi."

"Ya mtoto?"

"Yangu!"

Daktari Kagwe alicheka bila kutaka, kisha akaomba radhi. Alitoka na wengine, akawaachia chumba wazee wawili. Tabby na Wavinya walisimama ukumbini.

Kyengo alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na hamu ya harusi hiyo kuliko alivyoonyesha. Suti alikuwa ameijaribu mara tatu nyumba ikiwa tupu.

"Niliwaambia watu wote nitatembea," alisema Mukonyo, sauti ikianza kukatika. "Jumuiya nzima. Niliwaambia hata wale wa kwaya."

"Utatembea. Uliwaambia tarehe?"

"Si wanajua ni Jumamosi?"

"Hiyo ni tarehe ya padre. Wewe uliwaambia utatembea tu." Alimshika kidole kimoja, kidole cha pete, akakizungusha. "Mimi sina haraka na wewe, Mukonyo. Ningekuwa na haraka ningekuwa nimeshaenda."

Mukonyo alimpiga kofi dogo begani. Kisha akaita kwa nguvu, sauti ya mtu aliyekwisha kuamua: "Wavinya! Mwambie daktari aanze kunoa visu!"

*

Upasuaji ulichukua saa mbili. Walitoa vipande sita vidogo vya nyama kutoka sehemu mbalimbali za goti, wakavipeleka maabara, kisha wakaliosha kwa lita tisa za maji ya chumvi. Baada ya hapo ndipo dripu ya dawa ilipofunguliwa, dawa ya kubahatisha, kama alivyosema daktari mwenyewe, mpaka kijidudu kijulikane kwa jina.

Jioni Kyengo alifika mlangoni mwa wodi akiwa na uji kwenye chupa. Askari alitazama orodha yake.

"Wewe ni rafiki. Saa za marafiki zimeisha, mzee. Saa hii ni mume au mke peke yake."

Kyengo hakubishana. Alirudi nyuma hatua tatu, akasimama pale ukutani na chupa yake mkononi, akitazama mlango. Nesi Wanja alipita, akamwona. Alikwenda, akarudi na kiti cha plastiki.

"Guka, huyu shosh wangu, bibi wa kitanda cha saba, hataki kula," alimwambia yule askari, akimwita babu kwa Kikuyu, huku akimkonyeza. "Nahitaji mtu wa kumsaidia kushika kijiko. Huyu ataweza?"

Askari alitazama dari. Kyengo aliingia, na kila jioni baada ya hapo askari alitazama dari.

Ijumaa asubuhi daktari alikuja akiwa amekunja uso.

"Mama, maabara wananiambia hakuna kijidudu kilichoota. Usaha wote ule, na vyombo vyao ni vitupu. Na joto lako bado liko juu. Hii dawa ninayokupa ni kama kurusha jiwe gizani. Nisipojua ninayempiga, wiki ijayo itabidi tuzungumze habari ya kutoa chuma."

Mukonyo aligeukia ukuta. Alisema maneno kimyakimya, akayapanga na kuyapangua. Akisema, Tabby angekuwa mtu aliyemharibia goti. Jumuiya ingejua, mtaa ungejua, na yule kijana wa duka la dawa angefukuzwa. Asiposema, chuma kingetolewa. Alilala na mambo hayo mawili kila upande wa mto, na asubuhi yalikuwa bado pale.

*

Jumamosi saa tano na nusu, Tabby aliingia wodini akiwa amevaa gauni la satini ya zambarau na kilemba, nguo alizoshonewa kwa ajili ya harusi. Viatu vilikuwa mkononi. Alikuwa amepanda ngazi zote pekupeku.

"Mbona uko huku?" Mukonyo alishangaa. "Harusi si ni saa hizi?"

"Nimeiacha katikati. Woi, Mama Wavinya, ungeona! Katekista Makau amepanga viti vya maharusi, jozi tano. Wameacha viwili vitupu, vya mwisho, na maua juu yake. Mtu akataka kukalia, wakamfukuza! Wanasema ni vyenu, hata kama ni mwaka ujao." Alifuta pua kwa kiganja. "Nikaona hivyo viti, nikashindwa kukaa. Nesi! Nesi, kuja hapa!"

Wanja alikuja mbio akidhani mtu amezirai. Tabby alifungua mkoba, akatoa karatasi ya vidonge iliyokwisha, matundu yote yamepasuliwa, akaiweka juu ya shuka.

"Ni mimi nilimpa. Kumi na viwili. Kwa siku nne kabla hajaletwa hapa. Mnikamate mimi."

"Hakunipa!" Mukonyo aliinuka kwa viwiko. "Mimi ndio nilimtuma!"

"Hukunituma, nilinunua mwenyewe!"

"Nilikuapisha, si ni sawa na kukutuma? Na daktari hakukuuliza wewe, aliuliza mimi. Mimi ndio nilidanganya!"

"Nyinyi wawili, ngojeni kwanza!" Wanja alipaza sauti, na wodi nzima ikawa inasikiliza. Aliishika ile karatasi, akasoma jina la dawa, na uso wake ukabadilika. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeokota ufunguo alioutafuta wiki nzima. "Ndio maana hakuna kilichoota! Vidonge vimevilewesha vile vijidudu. Havijafa, vimelala. Vinahitaji siku zaidi." Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasorobo. "Na leo Jumamosi maabara wanafunga saa sita. Wakiona vyombo viko vitupu wanavitupa!"

Alitoka mbio. Kyengo, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na chupa ya uji, hakuuliza neno, alisikia tu "wanavitupa" na "goti". Aliweka uji chini, akamfuata, mzee wa miaka sitini na tisa na viatu vya harusi alivyokuwa amevivaa asubuhi ile bila kumwambia mtu kwa nini. Tabby akamfuata Kyengo, satini ya zambarau imekunjwa mpaka magotini. Wagonjwa wa wodi walioweza kuinuka waliinuka, wakaenda kuchungulia dirishani, kwa kuwa maabara ilikuwa ng'ambo ya uwanja.

"Wanakimbia!" alitangaza mama wa kitanda cha tano kwa Mukonyo, ambaye hakuweza kuinuka. "Nesi yuko mbele! Mzee wako ni wa pili! Ai, amempita!"

"Amempita nesi?"

"Amempita kabisa!"

Kaloki, mtaalamu wa maabara, alikuwa ameshavua koti jeupe. Mezani palikuwa na trei yenye vyombo sita vidogo, na pembeni mfuko wa taka mwekundu ulio wazi. Aliona mlango ukifunguka, na mzee asiyemjua akiwa ameweka mikono yote miwili juu ya trei kama kuku aliyefunika vifaranga, akihema bila kuweza kusema.

"Usitupe," Kyengo alisema hatimaye. "Ni za mke wangu."

Wanja alifika, akaeleza. Kaloki alimpigia daktari simu, akasikiliza, akavaa koti lake tena. Alivirudisha vyombo kwenye kabati la joto, akabandika karatasi juu yake na kuandika kwa herufi kubwa: WIKI MBILI. MTU ASIGUSE.

Daktari Kagwe alifika alasiri, ingawa haikuwa zamu yake. Tabby alisimama mbele yake mikono imeshikana, akingoja kugombezwa.

"Mama, ulimpa kwa sababu unampenda," alisema daktari. "Lakini zile dawa ziliua vijidudu vya juu, vya chini vikajificha. Tungevikosa. Siku nyingine mpende kwa kumleta hapa." Kisha akamgeukia Mukonyo. "Na wewe, nikikuuliza swali tena?"

"Nitakwambia mpaka chai niliyokunywa."

*

Jumanne ilipita, hakuna kitu. Jumatano asubuhi Wanja aliingia akipiga makofi, daktari nyuma yake, na Kaloki mwenyewe nyuma ya daktari, kwa sababu alitaka kumwona mwenye goti. Kaloki alifungua picha kwenye simu. Juu ya chombo cha mviringo palikuwa na vitone vya rangi ya krimu, vidogo kama punje za wimbi.

"Kimeota kwenye vyombo vinne kati ya sita," alisema Kaloki. "Ni kijidudu cha ngozi cha kawaida tu. Na dawa zinakiweza."

Mukonyo aliisogeza simu karibu na macho.

"Hawa ndio wameniharibia harusi? Mbona ni wadogo hivi?"

Kyengo alitaka naye aone. Wodi nzima ilitaka kuona, na ile simu ilizunguka kitanda hadi kitanda kama picha ya mtoto aliyezaliwa.

Siku hiyohiyo dripu ilibadilishwa. Baada ya siku tatu joto lilishuka. Wiki ya pili mshono ulikauka, na daktari akasema chuma kinabaki. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akiwa anaandika, na ilibidi Wavinya amwombe arudie.

"Kinabaki. Ataenda nyumbani na vidonge vya miezi mitatu, aina mbili. Hiki chekundu kina kituko chake. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, msishtuke. Jasho pia. Na machozi."

"Machozi?" aliuliza Wavinya.

"Machozi. Yanatia doa kwenye nguo."

Wavinya alimtazama mama yake, akafikiria gauni jeupe lililokuwa limetundikwa kule chumbani kwake. Alimjua mama yake. Huyu angelia toka mlangoni.

"Basi," alisema, "nashona lingine."

*

Lile la pili lilikuwa la rangi ya papai lililoiva. Jumapili moja, wiki tisa baadaye, katika misa ya pili, Mukonyo alisimama nalo kwenye mlango wa kanisa. Viti viwili vilikuwa vimewekwa mbele, na maua juu yake. Maua yalikuwa mapya, viti ni vilevile.

Alimpa Tabby fimbo. Kyengo, katika suti yake, alisogeza kiwiko.

"Usinishike."

"Sikushiki. Natembea tu karibu."

Kwaya ilianza wimbo wa kuingilia. Mukonyo aliweka mguu wa kulia mbele, kisha wa kushoto. Goti lilikunjika, likanyooka. Alikuwa akitembea polepole sana, na wimbo ulifika mwisho kabla hajafika hata nusu ya kanisa. Kwa sekunde moja watu wakasikia viatu vyake tu sakafuni. Mwalimu wa kwaya aliinua mikono, wakaanza upya. Wimbo uliisha tena, amebakiza mabenchi sita. Safari hii hawakungoja mwalimu. Kanisa lote liliuanza lenyewe, tangu mwanzo, kwa vigelegele na makofi, na wanawake wa jumuiya walikuwa wamesimama juu ya mabenchi.

Alipofika altareni alikuwa analia, kama alivyojua binti yake. Kyengo alitoa leso nyeupe mfukoni, akampangusa, akaitazama. Ilikuwa na madoa ya rangi ya chungwa.

"Sasa hata machozi yako yamevaa sare na gauni," alimnong'oneza, na bibi harusi akacheka mbele ya padre mpaka padre akangoja.

Siku ya pili, Jumatatu, ilikuwa siku yake ya kuonana na daktari. Jared alikuwa palepale mapokezi. Alilivuta faili, sasa limenenepa, na kabla hajauliza chochote Kyengo aliweka karatasi juu ya meza na kuinyoosha kwa viganja viwili.

"Namba iko hapo juu, upande wa kulia," alisema.

Jared alisoma. Alisimama, akampa mzee mkono, kisha akampa mama mkono. Alichukua kalamu, akaandika namba kwa uangalifu, akaandika *mume*, kisha akaipeleka kalamu pale palipoandikwa *rafiki* ili apige mstari.

"Ngoja, kijana," alisema Mukonyo, akiwa amesimama wima upande huu wa meza, mkono mmoja tu umegusa ukingo wake. "Hapo usifute."